Yaliyorukwa na Karani

11 Januari 1989

Dada yangu,

Hujambo? Usinijibu hujambo mkavu, nataka na habari za goti lako, za hospitali unakofua mashuka ya watu, na za yule mkuu wako wa kufulia anayenuna hata siku ya mshahara.

Mimi huku nimepanda cheo. Sipangi tena sabuni kwenye makatoni, sasa nasimama kwenye tangi la kuchemshia. Ulitabiri nitakuwa mpishi, basi ndiyo huo upishi, ila chakula changu ukikionja hufiki jioni. Tunachemsha mafuta na kostiki, yale magadi makali yanayobabua hata rangi ya ukuta. Bomba lake linapita juu ya kichwa changu. Pale kwenye maungio lilikuwa linavuja, nikalifunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli, msimamizi akanipiga bega, "Fundi wewe!" Miwani ya kinga ni moja kwa watu watatu, tunaigawa kwa zamu kama wake wenza. Siku isiyokuwa yangu nafumba jicho moja, ili likiharibika moja libaki jingine. Cheka basi.

Huu ni mwaka wangu wa nne hapa. Mwaka mzima uliopita sikukosa ovataimu hata wiki moja. Mshahara wenyewe ni mia tisa, lakini pamoja na ovataimu napokea elfu moja na mia sita. Karani wa mishahara, ambaye tunapakana naye ukuta, ananiambia, "Ungekuwa mashine ungekuwa umeshaungua."

Mama Pacha anakusalimu. Mapacha wameanza shule, na tayari mwalimu analalamika kwamba wanasema kuliko yeye. Unajua walikokutoa.

Mimi wako,
Chiriku

*

2 Februari 1989

Kwa Dada mpendwa,

Ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta katika hali ya uzima. Nia ya kuandika ni kukuarifu kuwa tarehe 24 Januari nilipata ajali ndogo kazini. Nilirukiwa na maji ya dawa usoni. Macho yamefungwa bendeji, kwa hiyo barua hii inaandikwa kwa niaba yangu na karani wa mishahara, jirani yangu.

Uongozi wa kiwanda umenishughulikia vizuri. Daktari wa zahanati ya kiwanda amesema tuvute subira. Hakuna haja ya wewe kusafiri. Mama watoto na watoto hawajambo.

Wako mdogo wako
(alama ya dole gumba)

*

10 Februari 1989

Mdogo wangu,

Maji ya dawa ndiyo nini? Sema kostiki. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye mlango wa kufulia, nikaketi chini juu ya furushi la mashuka machafu, sikujali.

Nimemuuliza sista wa wodi ya macho. Anasema kostiki ikiingia machoni ni mbio, haingoji. Macho yanaoshwa kwa maji mengi papo hapo, kisha mgonjwa anapelekwa kwa daktari wa macho mwenyewe, si zahanati ya kugawa vidonge. Je, walikuosha? Kwa muda gani? Bendeji zikifunguliwa unaona nini? Nani anayekutibu?

Jambo la pili. Hapa wodini kuna mzee mpasua mawe aliyevunjika nyonga kazini. Amekwisha pita njia hii, ameniambia mambo nami nayaandika kama alivyosema. Mwajiri lazima ampelekee afisa kazi taarifa ya ajali. Fidia inahesabiwa kwa pesa mtu aliyokuwa akipokea kweli kweli, na ovataimu ikiwa ni ya kila wiki inaingia humo. Kwa hiyo zitunze bahasha zako za mshahara zote. Na usitie dole kwenye karatasi yoyote usiyosomewa neno kwa neno. Mzee yeye alitia. Mpaka leo anasimulia huku anakiangalia kidole chake kama kidole cha mtu mwingine.

Karani, ahsante sana kwa kumwandikia ndugu yangu. Jirani mwema ni nusu ya ndugu. Mungu akulipe.

Dada yako

*

25 Februari 1989

Kwa Dada mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimesomewa. Hali yangu inaendelea vizuri.

Kuhusu fidia, kiwanda kimekwisha kufanya hesabu. Mshahara wangu ni mia tisa kwa mwezi na kumbukumbu zinaonyesha kuwa niliajiriwa mwezi Novemba mwaka jana. Malipo yatafuata utaratibu huo. Bahasha za mshahara nimezikabidhi ofisini kwa ajili ya usalama. Hakuna haja ya kwenda kwa afisa kazi, kwani jambo hili litachukua muda mrefu na kuharibu uhusiano.

Aidha, nina furaha kukujulisha kuwa uongozi umetuonea huruma. Wamempa mama watoto kazi katika nafasi yangu, pale pale penye tangi, ili nyumba isilale njaa.

Wako mdogo wako
(alama ya dole gumba)

*

6 Machi 1989

Mdogo wangu,

Nilikuuliza maswali manne kuhusu macho yako. Hukujibu hata moja. Badala yake umeniambia una furaha kunijulisha. Wewe? Wewe ambaye nilikupa jina la Chiriku kabla hujaota meno yote, kwa sababu ulikuwa huwezi kunyamaza hata usingizini? Barua mbili nzima hakuna utani, hakuna jina la mtu, humwiti mkeo Mama Pacha, hukuniuliza goti langu. Nimezisoma kwa sauti nikitafuta sauti yako. Haimo.

Unasema uliajiriwa Novemba. Nina barua zako za miaka minne kwenye sanduku, zote za kiwanda hicho hicho. Unasema mshahara ni mia tisa. Barua ya tarehe 11 Januari iko hapa mezani, umeandika kwa mkono wako elfu moja na mia sita.

Sasa nasema na wewe unayeishika barua hii.

Karani. Najua uko hapo. Najua mdogo wangu ameketi mbele yako na bendeji zake, kichwa amekiinamisha upande kama anavyofanya akisikiliza, na wewe unachagua cha kumsomea. Uliyasoma yale ya mzee mpasua mawe? Au uliyaruka, ukasema dada anakusalimu? Sikujui sura. Sijui ana watoto wangapi mtu anayeweza kuketi kitako nyumbani kwa kipofu, akanywa chai yake, akamrukia mistari.

Na wifi yangu. Umeandika "pale pale penye tangi" kama mtu anayeandika habari ya mvua. Mdogo wangu alilifunga lile bomba kwa mpira wa baiskeli, na nina hakika hakuna aliyelifungua wala kulibadilisha. Mama Pacha amesimama chini yake sasa hivi, unaposoma.

Nimeomba likizo. Nimeambiwa Aprili, kabla ya hapo nikiondoka nisirudi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua, na wewe pia unajua, ndiyo maana unaandika kwa raha. Lakini msomee barua hii. Yote. Hata hapa.

Dada

*

15 Machi 1989

Kwa Dada,

Barua yako imefika na nimesomewa. Maneno yako yamenisikitisha. Karani ni mtu mwema. Tarehe 14 nimetia dole kwenye makubaliano na kiwanda na nimeridhika. Jambo limekwisha. Tafadhali usiandike tena kuhusu suala hili.

Wako mdogo wako
(alama ya dole gumba)

*

23 Machi 1989

Kwa Dada wa Chiriku,

Mwandiko unaufahamu. Leo maneno ni yangu.

Barua yako ya tarehe 6 sikumsomea. Niliisoma ofisini saa ya chakula, wenzangu wametoka, nikaisoma mara tatu. Kisha nikaandika ile ya tarehe 15 bila yeye kujua kama kuna barua iliyokuja wala iliyokwenda. Dole lile la mwisho ni langu.

Ulikisia sawa. Nilikuwa namsomea salamu tu. Ile karatasi ya makubaliano nilimwambia ni fomu ya dawa, nikamshika mkono mwenyewe nikamwelekeza pa kubonyeza. Tarehe ya Novemba niliiandika mimi kwenye kadi mpya. Kadi ya zamani niliambiwa niichane. Meneja alinipa kiti, jambo ambalo hajapata kulifanya kwa miaka tisa, akasema, "Karani, mkataba wako unaisha Juni, siyo?" Hakusema zaidi. Nikaelewa.

Nina watoto watano, kwa vile uliuliza.

Juzi Mama Pacha alinisimamisha kwenye kibaraza. Akaniambia, "Shemeji, lile bomba linatoka jasho. Jana tone limeniangukia begani, nguo imetoboka. Hebu waambie wewe wa ofisini." Aliniita shemeji. Nikasema nitawaambia. Nikaenda kuliona kwanza. Miaka tisa naandika majina ya watu wa tangi, sijawahi kuingia humo. Kuna joto la kukata pumzi. Ule mpira wa baiskeli upo, umekuwa mweupe na umevimba, na chini yake sakafu imelika kama ubao ulioingia mchwa. Nilimwambia msimamizi. Akasema bomba jipya limeagizwa. Nami ndiye ninayepitisha hati za ununuzi, hakuna bomba lililoagizwa.

Jana nilikwenda kwa Chiriku nikamsomea barua zako zote tangu mwanzo. Na ile yangu ya tarehe 15 nikamweleza nilivyoiandika. Mtu yule, ambaye tukifagia uani anatoa hadithi mpaka ufagio unaisha, hakusema neno. Nilipomaliza akauliza, "Umesoma zote?" Nikasema zote. "Hakuna uliyoiruka?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi toka nje kidogo." Nikatoka. Nilimsikia akipapasa ukuta akitafuta mlango aufunge.

Nimemwomba Mama Pacha asiende kazini. Amenijibu, "Nisipokwenda tutakula barua za dada?" Kesho yuko zamu.

Karani wa mishahara

*

29 Machi 1989

Kwa Dada,

Naandika kwa haraka. Bomba limepasuka jana, saa nne asubuhi.

Mama Pacha ni mzima. Narudia, ni mzima. Tangu siku ile nilikuwa kila nikipata nafasi napita mlangoni mwa tangi. Jana nikauona ule mpira umeanza kutoa povu. Sikuwa na la kusema mbele ya msimamizi, nikapaza sauti, "Wewe mama, njoo utie dole kwenye karatasi ya mshahara, upesi, ofisi inafungwa!" Alikuja huku ananilaani, maana wakiacha kazi hata kwa dakika wanakatwa mshahara. Tulikuwa hatujafika mwisho wa korido tukasikia mshindo, kisha ukelele wa mvuke. Pale aliposimama pamegeuka povu tupu. Ndoo yake ya bati imetoboka.

Meneja aliniuliza karatasi ya mshahara gani, tarehe 28, siku ambayo hakuna malipo. Nimefukuzwa kazi saa nane.

Nilipotoka nilikuwa nimeficha kitabu cha mishahara cha mwaka jana ndani ya shati. Kina ovataimu za Chiriku, wiki hamsini na mbili. Wamekwisha kuja mara moja nyumbani kuuliza. Watarudi.

Karani

*

2 Aprili 1989

Karani,

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Kitabu kitoe nyumbani kwako leo hii, mpe wifi yangu akiweke chini ya nguo za watoto, hawatapekua kwa kipofu. Mimi naja na barua za miaka minne. Jumatatu tunakwenda sote kwa afisa kazi, wewe mbele.

Kwa ajili ya wifi yangu nakushukuru. Hayo mengine tutazungumza uso kwa uso.

Dada

*

19 Oktoba 1989

Dada yangu,

Hujambo, na goti je? Tangu uondoke hapa nyumba imekuwa kubwa. Mapacha wanaulizana ni lini shangazi atarudi kugombana na baba.

Nianze na zuri. Tumeshinda. Afisa kazi alitoa uamuzi wake juzi. Wewe ulipowasilisha zile karatasi Aprili ulisema itachukua miezi miwili, imechukua sita, kila tukifika wakili wa kiwanda anaumwa. Nimemwombea apone, maana ugonjwa wake ulikuwa unanigharimu nauli.

Siku yenyewe wakili alisema mimi nilikuwa kibarua wa miezi mitatu kwa mia tisa. Karani akasimama, akatoa kitabu, akasoma wiki moja baada ya nyingine. Alisoma zote hamsini na mbili. Watu walichoka, mimi sikuchoka. Wakili akasema kitabu kimeibwa. Afisa akasema, "Kimeibwa kutoka kwenu, maana yake ni chenu." Kisha akaisoma ile barua yangu ya Januari kwa sauti. Alipofika kwenye wake wenza akacheka, na watu wakacheka, halafu akafika pale pa kufumba jicho moja. Nilisikia feni.

Karatasi ya dole imefutwa. Amesema mtu asiyeona hawezi kuwa amekubali kitu alichosomewa kwa uongo. Nimehesabiwa miaka minne, na kwa elfu moja na mia sita. Bomba jipya wamefunga, na miwani kila mtu yake. Mama Pacha hataki kurudi huko, anashona sare za shule. Kwa hiyo hilo limekwisha vizuri.

Sasa lile jingine.

Waliita daktari wa zahanati ya kiwanda aseme macho yangu yameharibika kiasi gani. Akasema la kulia limekufa, la kushoto linaona mwanga tu, na halitapona. Afisa akamuuliza, "Wewe ulimtibu vipi?" Daktari akasema, "Mimi nilimwosha nikamfunga bendeji, siku ya tatu nikaandika barua ya kwenda hospitali kubwa ya macho, aonwe ndani ya wiki moja. La kushoto lilikuwa linaokolewa. Hakwenda. Nilishangaa." Akanigeukia, maana nilihisi sauti yake inanijia: "Mbona hukwenda, bwana?"

Dada, nilimuuliza, "Barua gani?" Sikuwahi kusikia habari ya barua hiyo.

Kisha karani akasema kutoka kwenye benchi letu, hakusimama: "Barua nilikuwa nayo mimi."

Alipewa aipeleke ofisini ilipiwe. Meneja akamwambia hospitali kubwa wakimwona itakuwa kesi, mwambie asubiri. Akaiweka kwenye droo. Akaja nyumbani jioni ile akanisomea gazeti. Nakumbuka nilimuuliza daktari anasemaje, akanijibu tuvute subira, na mimi nikamshukuru.

Siku ile ya Machi aliponisomea barua zako zote nilimuuliza kama kuna aliyoiruka. Alisema hakuna. Alikuwa anajua.

Mama Pacha hataki aingie tena ndani. Anasema aliyekuokoa mkono akakukata mguu ni nani wako? Bila yeye mke wangu angekuwa amekufa, na bila yeye ningekuwa naona sura za wanangu kwa jicho moja. Nimeipima hii tangu juzi, kila upande mizani inalala.

Unajiuliza nani ameshika kalamu. Ni yeye. Nimemwita mwenyewe, tumeketi nje kibarazani. Nilimwambia utaandika kila kitu nitakachosema, hata kinachokuhusu. Mama Pacha amesimama nyuma yake, hajui kusoma lakini ananiambia kalamu ikisimama. Imesimama mara mbili.

Nimemuuliza sasa hivi: "Siku ile unaitia kwenye droo, ulikuwa umeisoma? Ulijua jicho linaweza kupona?"

Amesema, "Nilijua."

Nimemwambia aandike hivyo hivyo, kwamba alijua. Anasema ameandika. Dada, mimi sioni. Niambie kama ameandika.

Mdogo wako,
Chiriku
(alama ya dole gumba)

*

28 Oktoba 1989

Mdogo wangu,

Ameandika.

Mwandiko wake umepinda hapo na wino umekolea, lakini neno lipo, na mengine yote yapo. Nimelia kwa ajili ya jicho lako, nikalia tena kwa sababu katika barua yako hii nimeisikia sauti yako mwanzo mpaka mwisho, na ni mkono wake ulionifikishia. Kama utamsamehe ni juu yako. Mimi bado sijafika huko, na sitajifanya nimefika.

Ila sikiliza. Barua hii nimeiandika nakala mbili. Moja nimeituma kwako, atakusomea karani. Nyingine nimeituma shuleni kwa mwalimu wa mapacha, naye nimemwomba aje Jumapili akusomee. Kuanzia leo nitafanya hivyo kwa kila barua, mpaka nife au mapacha wajue kusoma vizuri.

Zisikilize zote mbili.

Dada yako